Biashara Inapobadili Mwajiri Uingereza: Mwongozo Kamili wa Kuwaarifu Wafanyakazi na Kushauriana Nao

Kampuni ya usafi ikipoteza zabuni ya kusafisha hospitali, walioshika fagio hawapotezi kazi. Siku ya makabidhiano wanaamka wakiwa chini ya mwajiri mwingine, na mkataba uleule, mshahara uleule na miaka ya utumishi isiyokatika. Ndivyo zinavyotaka kanuni za uhamisho za mwaka 2006, ambazo Uingereza nzima inaziita TUPE. Uhamisho wa mikataba unajiendesha wenyewe, hata kama hakuna aliyetia saini karatasi yoyote. Kisichojiendesha ni kuwaarifu wafanyakazi na kushauriana nao. Kazi hiyo lazima mtu aifanye, na asipoifanya fidia inafika mshahara wa wiki 13 kwa kila mfanyakazi aliyeguswa.

Mwongozo huu ni kwa pande zote mbili: mwajiri anayekabidhi na mwajiri anayepokea. Wawakilishi wa wafanyakazi nao watapata humu maswali ya kuuliza. Kesi nyingi hazianzi kwa mwajiri mkorofi. Zinaanza kwa mwajiri anayepokea kuchelewa kusema amepanga kufanya nini, na mwenzake kuona aibu kumsukuma.

Kwanza: je, huu ni uhamisho kweli?

Kanuni zinagusa hali mbili. Ya kwanza ni biashara, au sehemu yake, kuuzwa au kupewa mtu mwingine huku ikiendelea kuwa biashara inayotambulika: duka, kiwanda, makao ya wazee, idara ya uchapishaji. Ya pili ni huduma kubadili mikono: kampuni inaitoa huduma kwa mkandarasi, inamwondoa mkandarasi na kumweka mwingine, au inairudisha huduma ndani. Katika hali hii ya pili lazima kuwe na kundi la wafanyakazi lililopangwa mahsusi kumhudumia mteja huyo, na kazi yenyewe ibaki ileile kimsingi. Shughuli ya mara moja ya muda mfupi haimo, na mkataba ambao kwa sehemu kubwa ni wa kuuza bidhaa haumo pia.

Kuuza hisa si uhamisho. Mwenye hisa akibadilika, mwajiri anabaki kampuni ileile, kwa hiyo TUPE haiingii. Lakini jihadhari: mara nyingi hisa huuzwa leo, kisha baada ya miezi michache shughuli zinaunganishwa na za kampuni mama. Kuunganisha huko kunaweza kuwa uhamisho kamili, na wajibu wote ukaanza hapo.

Ukiwa na shaka, endelea kana kwamba kanuni zinatumika. Gharama ya kuarifu bila kulazimika ni barua chache na mikutano miwili. Ireland ya Kaskazini ina kanuni zake za ziada kuhusu kubadilisha watoa huduma, kwa hiyo anayeajiri huko azisome pia.

Kuarifu ni kimoja, kushauriana ni kingine

Wajibu wa kuarifu upo siku zote, kila uhamisho, bila msamaha hata kama hakuna kitakachobadilika. Wajibu wa kushauriana unakuja pale tu mwajiri anapokusudia kuchukua hatua zinazohusiana na uhamisho na zitakazowagusa wafanyakazi wake mwenyewe. Neno "hatua" ndilo linalobeba kanuni nzima, na ndilo watu wanalolisoma kwa haraka.

Hatua si kufukuza watu tu. Mahakama zimelipa neno hilo maana pana: mpango, mabadiliko au utaratibu wowote ambao mwajiri amedhamiria kuufanya. Kuhamisha ofisi ni hatua. Kubadili zamu ni hatua. Hata mambo ya malipo yanaweza kuingia: katika kesi ya Todd dhidi ya Strain, iliyohusu makao ya wazee, baraza la rufaa la kesi za ajira lilikubali kwamba mipango ya kiutawala kuhusu malipo wakati wa makabidhiano inaweza kuwa hatua. Kisichohesabiwa ni matokeo yasiyoepukika ya uhamisho wenyewe, kwa mfano jina la mwajiri kubadilika. Wazo ambalo bado linaelea vichwani mwa wakurugenzi bila kuwa mpango halihesabiwi pia.

Chukua mfano mdogo wa siku ya mshahara. Mwajiri wa zamani analipa tarehe 25, mpya analipa siku ya mwisho ya mwezi. Kwenye meza ya mhasibu hilo ni badiliko la mpangilio. Kwa mfanyakazi ambaye kodi ya nyumba hukatwa benki tarehe 28, ni akaunti kwenda hasi na faini ya benki juu yake. Kuarifu kungemwambia tu. Kushauriana ndiko kunakozaa ufumbuzi, kwa mfano malipo ya awali ya mwezi mmoja yanayorudishwa kidogo kidogo.

Nani anaguswa

Usiishie kwa wanaohama. Wafanyakazi wanaoguswa ni wa makundi matatu, na wanaweza kuwa kwa mwajiri yeyote kati ya hao wawili:

Wanaohama wenyewe. Wanaobaki kwa mwajiri anayekabidhi lakini kazi zao zinatikiswa, kama karani wa mishahara aliyekuwa akihudumia watu 200 na sasa atahudumia 60. Na walioko tayari kwa mwajiri anayepokea, ikiwa ujio wa wageni utabadilisha zamu, nafasi au wasimamizi wao.

Kundi la tatu ndilo linalosahaulika zaidi. Mwajiri anayepokea hudhani kazi yote ni ya mwenzake, kumbe naye ana wajibu wake mwenyewe kwa watu wake mwenyewe.

Kabla ya kuandika chochote, toa orodha ya mishahara na uipitie jina kwa jina. Mtafute aliye kwenye likizo ya uzazi, anayeugua kwa muda mrefu, aliyeazimwa idara nyingine, wa zamu ya usiku, na anayefanya kazi Jumamosi pekee. Wote wana haki sawa ya kujua, na kutokuwepo kazini si sababu ya kurukwa.

Wawakilishi: chama, waliokuwepo, au uchaguzi mpya

Kwa kawaida habari na mashauriano hupitia kwa wawakilishi. Ikiwa kuna chama cha wafanyakazi kinachotambuliwa na mwajiri kwa kundi hilo la wafanyakazi, basi ni chama hicho. Mwajiri haruhusiwi kukiruka na kwenda kwa wafanyakazi wanaompendeza. Ikiwa hakuna, mwajiri ana njia mbili: kutumia wawakilishi waliokwisha kuchaguliwa, mradi mamlaka waliyopewa yanafaa kwa jambo hili, au kuitisha uchaguzi. Kamati ya sherehe na usafi wa jikoni haiwi mwakilishi wa uhamisho kwa sababu tu ipo.

Wadogo wana njia ya mkato. Kwa uhamisho unaofanyika kuanzia 1 Julai 2024, mwajiri mwenye wafanyakazi chini ya 50 anaweza kuzungumza na wafanyakazi moja kwa moja. Mwajiri wa ukubwa wowote anaweza pia kufanya hivyo ikiwa wanaohama ni chini ya 10. Sharti ni kwamba hakuna chama kinachotambuliwa wala wawakilishi waliopo. Njia hii inamwondolea mwajiri uchaguzi tu. Habari za kutoa ni zilezile, na mashauriano yakihitajika ni yaleyale, ila sasa unazungumza na kila mmoja.

Uchaguzi unavyoendeshwa

Kanuni haziweki idadi ya wawakilishi. Zinataka idadi inayotosha kuwakilisha maslahi ya wote, kwa kuangalia wingi wao na aina zao. Ukiwa na watu 60 katika vituo vitatu, madereva na wapakiaji, wawakilishi wanne au watano wanaotoka kila kituo na kila kazi ni mpango unaoeleweka. Mwakilishi mmoja kutoka ofisi kuu si mpango.

Hatua kwa hatua:

1. Toa tangazo linaloeleza uhamisho unaopendekezwa, kazi ya mwakilishi, idadi ya nafasi, muda wa kuhudumu na tarehe ya mwisho ya kujitokeza. Muda wa kuhudumu ufike mwisho wa mashauriano, usikatike katikati.

2. Mgombea lazima awe mfanyakazi anayeguswa siku ya uchaguzi. Hakuna anayezuiwa kugombea bila sababu ya msingi. Kumkata mtu kwa kuwa "ana maneno mengi" si sababu.

3. Wote wanaoguswa siku ya kura wana haki ya kupiga. Kila mmoja anapiga kura nyingi kadiri ya nafasi za wawakilishi wa kundi lake.

4. Kura iwe ya siri kadiri inavyowezekana, na ihesabiwe kwa usahihi. Karatasi iliyokunjwa ndani ya sanduku linalofungwa inatosha. Walioko nyumbani watumiwe karatasi na bahasha ya kurudishia, na muda wa posta uhesabiwe.

5. Weka kumbukumbu ya walioalikwa, walipoalikwa, matokeo na aliyehesabu.

Wagombea wakilingana na nafasi, hakuna haja ya kupiga kura. Tangaza tu kwamba wamepita bila kupingwa. Wasipojitokeza kabisa baada ya kupewa muda wa kutosha, mwajiri anawapa habari wafanyakazi wote mmoja mmoja. Ila asikimbilie hapo baada ya tangazo la siku mbili lililobandikwa kwenye korido. Baraza la kazi, yaani chombo kinachosikiliza kesi za ajira, litauliza muda ulikuwa wa kutosha kwa nani.

Mwakilishi aliyechaguliwa ana haki ya muda wa kazi wenye malipo kwa ajili ya shughuli hiyo, na analindwa asiadhibiwe wala kufukuzwa kwa sababu yake. Mwajiri anatakiwa pia kumruhusu kukutana na wafanyakazi anaowawakilisha na kumpa nafasi na vifaa vinavyofaa: chumba kinachofungwa mlango, simu, mashine ya kunakili.

Habari zinazotakiwa, kwa maandishi

Habari hizi wawakilishi wanakabidhiwa mkononi, wanatumiwa kwa posta kwenye anwani waliyoitoa, au, ikiwa ni chama, zinatumwa makao yake makuu. Yaliyomo ni haya:

Ukweli kwamba uhamisho utafanyika, tarehe yake au tarehe inayopendekezwa, na sababu zake. Sababu iwe ya kweli. "Mkakati wa kibiashara" haimwambii mtu kitu. "Mteja ametoa zabuni upya na kandarasi imeenda kwa kampuni nyingine" inamwambia.

Maana ya uhamisho kisheria, kiuchumi na kijamii kwa wafanyakazi wanaoguswa. Hapa eleza kwamba mikataba inahama pamoja na utumishi wao, itakuwaje kwa makubaliano ya pamoja (yale kati ya mwajiri na chama) na utambuzi wa chama, itakuwaje kwa pensheni, na mtu akikataa kuhama itakuwaje. Kuhusu sheria, Mahakama ya Rufaa katika kesi ya Royal Mail na chama cha wafanyakazi wa mawasiliano ilisema mwajiri anatakiwa kutoa maoni yake ya kweli aliyoyafikiria kwa uangalifu. Akikosea kwa nia njema katika tafsiri ya sheria, hajavunja wajibu. Lakini lazima awe amefikiri kweli.

Hatua ambazo mwajiri mwenyewe anakusudia kuzichukua kuhusiana na uhamisho. Kama hakuna, aseme hakuna.

Hatua ambazo mwajiri anayepokea anakusudia kuzichukua kwa wale watakaohamia kwake. Hii ni ya mwajiri anayekabidhi kuieleza. Kama hakuna, aseme hakuna.

Habari za wafanyakazi wa wakala: wako wangapi, wako sehemu gani za biashara, na wanafanya kazi gani. Hili husahaulika karibu kila mara, na ni kosa la bei nafuu kuliepuka: ni mistari mitatu tu.

Kuhusu pensheni, andika kwa uangalifu. Haki za uzeeni chini ya mfuko wa pensheni wa mwajiri kwa kawaida hazihami pamoja na mkataba. Hata hivyo, Sheria ya Pensheni ya 2004 inamtaka mwajiri mpya atoe kiwango cha chini kwa waliokuwa kwenye mfuko wa aina hiyo. Njia mojawapo ni kulingana na mchango wa mfanyakazi hadi asilimia 6 ya mshahara. Mfanyakazi asiyeambiwa hili huja kuligundua kwenye hati ya mshahara wa kwanza, na wakati huo imani imeshaondoka.

Tazama tofauti ya barua mbili. Ya kwanza: "Hatutarajii mabadiliko makubwa kwa sasa." Sentensi hiyo haina maana kisheria. "Makubwa" kwa nani, na "kwa sasa" ni mpaka lini? Ya pili: "Mwajiri mpya ametuarifu kwa barua ya tarehe 3 Machi kwamba anakusudia (a) kuhamisha siku ya mshahara kutoka tarehe 25 hadi siku ya mwisho ya mwezi, kuanzia mshahara wa Mei, (b) kuwahamishia madereva wa kituo cha kaskazini kwenye kituo cha mashariki ndani ya miezi mitatu. Mbali na hizo, ametuarifu kwamba hakusudii hatua nyingine." Hii ya pili inaweza kujadiliwa, kuhojiwa na kutetewa barazani.

Kumbana mwajiri anayepokea

Kanuni zinamtaka mwajiri anayepokea ampe mwenzake habari za hatua anazokusudia, kwa wakati utakaomwezesha kuwaarifu wafanyakazi. Katika ushindani wa zabuni hili ndilo gumu, kwa sababu wawili hao ni mahasimu. Aliyeshindwa hana raha, na aliyeshinda hataki kufichua mipango yake.

Tuma ombi la maandishi siku ileile mshindi anapojulikana. Uliza maswali mahsusi: kuna kupunguza wafanyakazi? Kituo? Zamu? Siku na njia ya malipo? Sare, vifaa, mfumo wa kuripoti? Pensheni? Wasimamizi? Weka tarehe ya kujibiwa, na kikumbusho siku saba baadaye. Jibu lisipokuja, waambie wawakilishi kwamba umeuliza na hujajibiwa, kisha weka nakala za barua.

Nakala hizo ndizo kinga yako. Kesi ikifunguliwa na kosa ni la mwajiri anayepokea kutotoa habari, mwajiri anayekabidhi anaweza kujitetea kwa hoja hiyo, lakini lazima ampe taarifa mwenzake kwamba anakusudia kuitumia, ili aunganishwe kwenye kesi. Wafanyakazi hawawezi kuivuka hatua hiyo kwa kumshtaki mwajiri mpya moja kwa moja kwa kosa hilo. Baraza la rufaa lilisema hivyo mwaka 2014 katika kesi ya Allen dhidi ya Morrisons Facilities Services.

Habari za wafanyakazi kwa mwajiri anayepokea

Kuna wajibu mwingine unaoenda upande wa pili, na wengi huuchanganya na ule wa kuarifu wafanyakazi. Mwajiri anayekabidhi anampa mwenzake taarifa za kila anayehama: utambulisho na umri, masharti ya ajira yanayotakiwa kuandikwa kisheria, adhabu na malalamiko ya miaka 2 iliyopita, madai ya kisheria ya miaka 2 iliyopita pamoja na yale yanayotarajiwa kwa sababu za msingi, na makubaliano ya pamoja yanayowahusu.

Zifike siku 28 au zaidi kabla ya uhamisho, na zisiwe za zamani kupita siku 14 kabla ya kukabidhiwa. Kikibadilika kitu baadaye, taarifa isahihishwe. Kukosa kunaweza kumgharimu mwajiri anayekabidhi pauni 500 au zaidi kwa kila mfanyakazi ambaye taarifa zake hazikutolewa au zilikosewa.

Kabla ya kufikia hatua hiyo, wakati wa mazungumzo ya awali ya mauzo, ficha majina. Namba, cheo, mshahara na miaka ya utumishi vinatosha, na sheria ya ulinzi wa data haitakusumbua.

Mashauriano yenyewe

Mwajiri anayekusudia hatua anashauriana na wawakilishi wa wafanyakazi wake kwa lengo la kutafuta makubaliano. Maneno hayo hayamlazimishi kukubaliana, ila yanamtaka aje mezani huku uamuzi ukiwa bado unaweza kubadilika. Anatakiwa kuzingatia hoja za wawakilishi, kuzijibu, na akizikataa aseme kwa nini.

Njia rahisi ya kulithibitisha hilo ni jedwali la safu tatu kwenye kumbukumbu za kila kikao: hoja iliyotolewa, jibu la mwajiri, sababu. Safu ya tatu ikiwa tupu, mashauriano bado hayajakamilika. Kikao cha kwanza ni cha kueleza. Kitakachokuwa na uzito ni cha pili, baada ya wawakilishi kurudi kwa wenzao na kuleta maswali. Ukipanga kikao kimoja tu, umepanga kuarifu.

Kuna fundo hapa ambalo hata wanasheria hulifungua kwa uvivu. Hatua za mwajiri anayepokea zinazowahusu wanaohama, ni nani anayeshauriana? Kabla ya uhamisho, watu hao bado si wafanyakazi wake, na mwajiri anayekabidhi siye anayekusudia hatua hizo. Kwa hiyo kisheria wanaweza kuarifiwa bila kushauriwa kabla ya siku yenyewe. Kiutendaji huo ni upuuzi. Mwalike mwajiri anayepokea kwenye vikao mapema, kwa makubaliano ya maandishi kuhusu nani anasema nini. Hata pasipo hatua zinazolazimisha mashauriano, katika kesi ya Cable Realisations dhidi ya chama cha wafanyakazi cha GMB baraza la rufaa lilisisitiza kwamba habari zitolewe mapema kiasi cha kuwapa nafasi ya mashauriano ya hiari.

Kama mwajiri anayepokea amepanga kupunguza wafanyakazi 20 au zaidi mahali pamoja ndani ya siku 90, kuna mashauriano mengine kabisa chini ya sheria ya kupunguza wafanyakazi kwa pamoja: siku 30 kabla ya wa kwanza kuachishwa, au 45 wakifika 100. Tangu 2014 anaweza kuyaanza kabla ya uhamisho, lakini mwajiri anayekabidhi lazima akubali. Na kumfukuza mtu kwa sababu kuu ya uhamisho ni kufukuza kusiko kwa haki, isipokuwa kuwe na sababu ya kiuchumi, kiufundi au ya mpangilio wa kazi inayohitaji mabadiliko katika nguvu kazi.

Kalenda

Sheria haitaji idadi ya siku za kuwaarifu wafanyakazi kabla ya uhamisho. Inasema tu muda uwe mrefu kiasi cha kuwezesha mashauriano. Kwa uhamisho wa watu 50 hadi 100 wenye mabadiliko ya wastani, ratiba hii huwa inatosha: wiki 12 kabla, orodha ya wanaoguswa na ombi la kwanza la hatua; wiki 11, tangazo la uchaguzi; wiki 9, kura; wiki 8, barua ya habari kwa wawakilishi; wiki 7 hadi 3, vikao visivyopungua vitatu; siku 28, taarifa za wafanyakazi kwa mwajiri anayepokea; wiki 2, barua kwa kila mmoja kuhusu mtu wa kumuuliza maswali, siku ya mshahara na mahali pa kuripoti Jumatatu asubuhi.

Zabuni zikichelewa, wiki hizo huliwa, na mara nyingi hubaki wiki nne. Hapo punguza siku za tangazo la uchaguzi na uweke vikao viwili kwa wiki, lakini usiruke kitu. Mwajiri anaweza kujitetea kwa mazingira maalumu yaliyofanya wajibu usitekelezeke, ila bado anatakiwa kuwa amefanya kila lililowezekana. Kufilisika taratibu kwa kawaida hakuhesabiwi. Wala si utetezi kusema kampuni mama ng'ambo ndiyo iliyoamua na ikaficha.

Bei ya kukosea

Kesi hupelekwa baraza la kazi, baada ya kupitia kwanza Acas, taasisi ya umma ya usuluhishi wa kazi. Muda ambao kanuni zimeuweka ni miezi 3 kutoka siku uhamisho ulipokamilika. Kosa likihusu chama, anayelalamika ni chama. Likihusu wawakilishi waliochaguliwa, ni wao. Uchaguzi ukikosekana au ukiharibika, ni mfanyakazi yeyote anayeguswa.

Fidia ni ya kuadhibu kosa, haimdai mfanyakazi aonyeshe alichopoteza. Pale ambapo mwajiri hakufanya lolote, mabaraza huanza kuhesabu kutoka wiki 13 na kushuka iwapo kuna la kumpunguzia. Katika ile kesi ya makao ya wazee, wiki 13 zilishushwa hadi 7 kwa kuwa baadhi ya habari zilikuwa zimetolewa. Kikomo cha mshahara wa wiki kinachotumika kwenye malipo mengine ya kisheria hakitumiki hapa. Watu 40 wenye wastani wa pauni 550 kwa wiki ni pauni 22,000 kila wiki. Mara 13 ni pauni 286,000. Waajiri wote wawili wanaweza kubebeshwa deni hilo kwa pamoja, kwa hiyo mwajiri anayepokea ambaye hakukosea chochote anaweza kujikuta akilipa kwa sababu mwenzake amefunga ofisi. Ndiyo maana mkataba wa mauzo au wa kandarasi unahitaji kifungu kinachosema nani atamrudishia nani. Kifungu hicho kinagawana deni kati yao tu, hakimwondolei mfanyakazi haki yake.

Anayekataa kuhama

Mfanyakazi anaweza kupinga kuhamia kwa mwajiri mpya, na hakuna wa kumlazimisha. Lakini akipinga, ajira yake inaisha siku ya uhamisho na kwa kawaida haihesabiwi kuwa amefukuzwa, maana yake hana malipo ya kupunguzwa kazini. Barua ya habari iseme hivyo waziwazi, kwa sababu wengi hudhani kukataa kunawabakiza kwa mwajiri wa zamani. Hali ni tofauti pale uhamisho unapoleta mabadiliko makubwa ya kumuumiza katika mazingira ya kazi. Hapo akiondoka anaweza kuhesabiwa kuwa amefukuzwa. Akileta barua ya kukataa, kaa naye kwanza, hakikisha ameelewa, na mpe siku chache za kuifuta kabla ya tarehe.

Baada ya tarehe

Mwajiri mpya anaandika kwa kila mmoja ndani ya mwezi mmoja kuhusu mabadiliko ya maelezo ya ajira, likiwemo jina la mwajiri, na kuthibitisha tarehe ambayo utumishi ulianza. Tarehe hiyo ilinganishwe na hati za zamani, kwa kuwa mfumo mpya wa mishahara hupenda kuwapa wote tarehe ya uhamisho kama siku ya kuajiriwa. Wawakilishi waitwe kikao kimoja zaidi baada ya mshahara wa kwanza, wakiwa na hati za malipo mkononi. Masharti ya mkataba yasiguswe kwa kisingizio cha kulinganisha na wafanyakazi waliokuwepo: badiliko ambalo sababu yake kuu ni uhamisho ni batili, hata mfanyakazi akiwa ametia saini, isipokuwa kuna ile sababu ya kiuchumi, kiufundi au ya mpangilio, au mkataba wenyewe uliruhusu. Masharti yaliyotokana na makubaliano ya pamoja yanaweza kujadiliwa upya baada ya mwaka mmoja, mradi kwa ujumla mfanyakazi asitoke akiwa na hali duni kuliko aliyoingia nayo.